Ng'ombe Aliyeshuka Bondeni

Ufizi wa Kashata ulikuwa umepauka, mweupe kama karatasi. Sia, daktari wa mifugo kutoka Newala mjini, aliuachilia mdomo wa ng'ombe huyo, akayapapasa matezi yaliyovimba mbele ya bega, kisha akamgeukia Dominika, mwenye banda.

"Mama Loveness, ng'ombe huyu ameshuka bondeni?"

Dominika alihisi macho ya Mwalimu Nikolao yakimchoma kisogoni. Mwalimu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa iliyogawa ng'ombe wa maziwa hapo Chilangala, na sharti la kamati halikuwa na mlango wa uani: ng'ombe alishwe bandani. Atakayemshusha bonde la Ruvuma kwenye inzi wa mbung'o, atanyang'anywa.

"Hajashuka," akajibu.

"Basi huenda ni ndigana, ugonjwa wa kupe." Sia akafungua mkoba. "Ingekuwa ugonjwa wa mbung'o, ningempa dawa nyingine. Dalili zinafanana mno. Nikikosea, sidhani kama ataiona Jumapili."

Bomba la sindano likaanza kujaa. Dominika alilitazama. Mwezi uliopita maji yalikatika wiki tatu. Ndoo ya mwisho aliigawa baina ya mwanawe na mnyama, na mnyama akabaki kulamba plastiki tupu. Alfajiri moja alimfungua, akamteremsha hadi mtoni. Kashata alikunywa mpaka mbavu zikapotea. Njiani wale inzi wa kijivu walimwandama. Dominika aliwapunga kwa tawi, akajiambia ni wachache.

Sia alikwisha kuishika ngozi ya shingo.

"Subiri, daktari!" Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. "Ameshuka. Nilimpeleka mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki ya nne sasa."

"Waliomuuma uliwaona?"

"Niliwaona."

Sia hakumlaumu. Aliweka sindano ile kando, akatafuta chupa nyingine mkobani kwa vidole vya haraka.

Mwalimu Nikolao alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata. "Mama Loveness, ungenyamaza nisingejua."

"Najua, Mwalimu."

"Na kamati ni kamati."

"Najua."

Siku ya tatu Kashata alisimama. Siku ya tisa aligombania majani. Jumamosi iliyofuata kamati ikaja pamoja na Magdalena, aliyekuwa akifuata kwenye orodha ya kupewa ng'ombe. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja msibani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu." Dominika alimtoa ng'ombe mwenyewe, akamkabidhi kamba. "Mkamue ukiwa kulia kwake. Ukikaa kushoto hupiga teke. Akishakuzoea atakulamba kiwiko. Usimfukuze."

Magdalena akaizungusha kamba mkononi. Wakaondoka kwenye njia ya mikorosho. Kashata aligeuka mara moja, akavutwa, akafuata.

Dominika akarudi bandani, akashika ufagio, akaanza kuondoa samadi kama kila asubuhi.