Spika ya Kulia

Aliona tofauti Jumamosi moja saa nne asubuhi, katikati ya santuri aliyoijua kuliko alivyoijua namba yake ya simu. Ilikuwa santuri ya zamani ya muziki wa dansi, yenye magitaa mawili: moja hutoka spika ya kushoto na kuuliza, la pili hutoka spika ya kulia na kujibu. Siku hiyo la kushoto liliuliza kama kawaida. La kulia likajibu kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

Bwana Mizani akainua sindano, akaipangusa kwa brashi yake ndogo, akairudisha. Blanketi lilikuwa palepale.

Jina la Bwana Mizani alipewa sokoni. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa vipimo, akizunguka madukani, maghalani na kwenye mashine za kusaga na sanduku lake la mawe ya shaba. Anaweka jiwe la kilo juu ya mizani ya mtu, anatazama mshale. Mshale ukidanganya hata kwa uzito wa kijiko cha sukari, mizani inapigwa lakiri na haitumiki tena mpaka itengenezwe. Hakuwa mwonevu, lakini hakubembelezeka. Wachuuzi walisema huyu akimbeba mwanawe tu anajua amepungua gramu ngapi tangu jana.

Alipostaafu, wenzake wengine walinunua ng'ombe, wengine wakaingia kwenye siasa. Yeye alirudi kwenye stirio yake. Aliinunua zamani, enzi ambazo mwenye stirio alialikwa kwenye harusi za watu asiowajua. Amplifaya ilikuwa na uso wa rangi ya fedha na mbavu za mbao, na kuibeba kulitaka mtu aliyekwisha kula. Gramafoni iliendeshwa na mkanda wa mpira. Deki ya kaseti ilikuwa na kimlango kilichofunguka taratibu, kwa adabu. Spika zenyewe zilimfika kiunoni. Watoto wake walipata kumletea kispika kisicho na waya, ukubwa wa kopo la maziwa, wakamwambia muziki wote wa dunia umo humo. Akawashukuru, akakipeleka jikoni, na mama yao akawa anakisikilizia taarifa ya habari.

Sebuleni alikuwa amepima kwa futi kamba na kuweka alama tatu za rangi nyekundu sakafuni: spika ya kushoto hapa dirishani, spika ya kulia pale ukutani, kiti chake hapa, pembe tatu zilizo sawasawa. Mkewe aliruhusiwa kupiga deki popote, mradi asisogeze kitu.

Basi siku ile Bwana Mizani alibadilisha santuri tatu. Zote zilikuwa na ugonjwa uleule upande uleule. Akakaa akafikiri, na fikra zake zikaenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wake mkewe, alikuwa fundi mwashi, mtu wa vicheko na mabega mapana, aliyekuja kukaa nao wiki mbili mwezi uliopita. Siku moja Bwana Mizani alitoka kwenda dukani, na aliporudi alimkuta shemeji anacheza peke yake sebuleni, kitufe cha sauti kikiwa kwenye namba saba. Bwana Mizani mwenyewe hakuwahi kuvuka namba nne tangu anunue chombo. Siku ile alinyamaza kwa heshima ya ugeni. Sasa ushahidi ulikuwa umekamilika.

Akampigia simu. Akamwambia ameua spika ya kulia. Shemeji akajibu kwamba alipiga santuri moja tu, tena upande mmoja, na chombo alikiacha kinaimba vizuri. Bwana Mizani hakutaka kusikia.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia. "Wewe umekuja, mwenyeji akaugua."

Shemeji akasema haya, shemeji, asante, akakata simu.

Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wa mchele mkononi, na alisikia yote. Hakupaza sauti, haikuwa desturi yake.

"Umemhukumu ndugu yangu kwa namba ya kitufe," alisema, akarudi jikoni.

Tangu hapo chakula kilikuja mezani kwa wakati, kimepikwa vizuri, na hakikuletwa na neno hata moja. Wiki ile shemeji hakumpigia Bwana Mizani simu, na iliyofuata pia. Yeye aliyezoea kupiga kila Jumapili kuwasalimu wote wawili, sasa alimpigia dada yake tu, naye dada alikwenda kuzungumzia uani.

Bwana Mizani aliifunga amplifaya kwenye shuka, akaipakia kwenye gari la jirani, akaipeleka kwa fundi. Fundi aliyemjua yeye alikuwa amefariki, na kibanda chake kilichoandikwa ubavuni REDIO NA STIRIO sasa alikikalia binti yake, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni na vidole vyenye makovu madogo ya moto wa risasi ya kulehemia. Alimwamkia shikamoo, akampa mzee kiti, akafungua chombo, akapima kushoto, akapima kulia. Akasema pande zote ziko sawa, ila vitufe vina vumbi. Akavisafisha.

Nyumbani, blanketi lilikuwa palepale.

Akarudi na spika yenyewe. Binti Fundi akaifungua, akaikagua karatasi yake ya ndani inayotoa sauti kwa tochi, akaipima, akaipiga dakika kumi nzima. Akamwonyesha mshale wa kipimo.

"Nzima kabisa, mzee. Nani alikwambia imekufa?"

"Masikio yangu. Labda hicho kipimo chako ndicho kibovu."

Maneno yalipomtoka, aliyatambua. Ndiyo waliyomwambia wachuuzi miaka thelathini na moja: labda hayo mawe yako ndiyo mabovu. Yalimwacha na ladha mbaya mdomoni, lakini hakuyarudisha. Binti Fundi hakukasirika. Alisema Alhamisi atapita nyumbani akisikilize chombo kikiwa mahali pake, maana kuna magonjwa ya nyumba na kuna magonjwa ya chombo.

Alhamisi alasiri alifika na mfuko wake wa vifaa. Mke akamkaribisha, akampa maji ya kunywa, kisha akakaa kwenye kochi la pembeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya majuma mawili. Santuri ya magitaa mawili ikawekwa. Binti Fundi akasikiliza amesimama, kichwa ameinamisha. Kisha akazima, akabadilisha waya nyuma ya amplifaya, wa kushoto akaupeleka kulia na wa kulia kushoto.

"Sasa?"

"Sasa gitaa linalouliza ndilo limefifia," alisema Bwana Mizani. "Linatoka spika hiyohiyo ya kulia. Si nimesema ni spika?"

Binti Fundi akaitazama spika, akamtazama mzee, akafikiri.

"Mzee, naomba uinuke kidogo."

Akakichukua kiti, akakigeuza, mgongo ukaelekea kwenye spika na uso ukaelekea mlangoni. Mke akashusha pumzi alipoona miguu ya kiti inaacha alama nyekundu. Bwana Mizani akakaa, akiona hayo ni mambo ya kitoto, na santuri ikaanza upya.

"Upande upi umefifia?"

Bwana Mizani akasikiliza. Akainua mkono wa kulia, akaonyesha.

Alikuwa anaionyesha spika ya dirishani, ya kushoto, ile aliyoisifu miaka yote, ambayo majuma mawili haya alisema ndiyo pekee iliyobaki. Aliutazama mkono wake mwenyewe ulivyonyooka hewani. Akageuza shingo, akaitazama spika, akaurudisha mkono mapajani.

Binti Fundi alizima chombo, akarudisha waya zilivyokuwa, akaanza kutia bisibisi zake mfukoni moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Kwa hiyo mzigo uko sawa," alisema Bwana Mizani. "Mizani ndiyo imepinda."

"Waone watu wa hospitali, mzee. Inaweza kuwa uchafu tu wa sikio. Baba yangu ilimtokea."

Fundi alipokwisha kusindikizwa, mzee alirudi kukaa kwenye kiti kilekile, bado kimeelekea mlangoni. Akamuuliza mkewe kama alijua.

"Nilijua tangu nilipokuuliza chumvi imezidi au imepungua, ukaniitikia ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema mimi ndiye ninanong'ona."

Ni kweli angesema hivyo. Alikumbuka simu, namna alivyoanza kuihamishia sikio la kushoto bila kujiuliza kwa nini. Alikumbuka pia shemeji yake alivyosema asante. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: alikuwa amewapigia lakiri watu wangapi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwekwa juu ya sahani ya mizani.

Hospitali walimtoa uchafu kidogo, akapata nafuu ndogo. Kisha daktari akamfungia kwenye chumba kisicho na sauti, akamvalisha vifuniko vya masikio, akamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Sikio la kushoto alibonyeza sana. La kulia alikaa muda mrefu akitazama ukuta. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa sikio umechakaa, na milio myembamba ndiyo iliyotangulia kuondoka. Akamuuliza kama alipata kufanya kazi penye kelele. Bwana Mizani akakumbuka mashine za kusaga, na jinsi alivyosimama kila mara injini ikiwa kuliani kwake ili mkono wa kuandikia uwe karibu na meza iliyokaa ubavuni mwa injini. Daktari akasema inawezekana, na inawezekana ni umri tu. Kilichoondoka hakirudi, lakini kipo kifaa cha kusaidia, ataitwa kuja kupimwa.

Alipotoka hospitali hakwenda nyumbani. Alijua angeweza kupiga simu, lakini aliona kosa alilolitenda kwa simu halifutwi kwa simu. Akaenda mpaka kwenye nyumba ambayo shemeji yake alikuwa anaipiga lipu. Shemeji alikuwa juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, saruji imemtapakaa mpaka kwenye nyusi. Alimwona mzee amesimama chini na shati lake lililonyooshwa, akamwamkia, akaendelea kusawazisha ukuta.

Bwana Mizani akazunguka kidogo ili sikio lake zima limwelekee.

"Spika ni nzima," alisema. "Kibovu ni sikio langu. Daktari amepima. Nimekuja kukuomba radhi."

Mwiko ukasimama. Vibarua wawili waliokuwa wanachanganya mchanga wakajifanya hawasikii, wakachanganya polepole zaidi. Shemeji akashuka ngazi, akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa suruali.

"Shemeji, mimi namba saba nilifika. Hilo sikatai."

"Najua."

"Na ilikuwa tamu."

"Hilo ndilo nisilolijua," alisema Bwana Mizani. "Sijawahi kufika."

Shemeji akaanza kucheka taratibu, kicheko kikampanda mpaka mabegani. Akasema kosa ni la aliyeipa jina: ukishaiita spika ya kulia, ya kicheko utaipata wapi. Wakakaa juu ya matofali mpaka saa ya mapumziko ikaisha, wakizungumza habari nyingine kabisa.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja. Bwana Mizani alikuwa amegundua kwamba akigeuza kitufe cha kugawa sauti kuelekea kulia, gitaa linalojibu linamrudia. Lakini mkewe akalalamika kwamba sasa muziki wote umeegemea ukutani kama mlevi. Wakabishana kidogo. Mwishowe kitufe kikarudi katikati, na mzee akachukua kigoda, akakisogeza ubavuni kwa spika ya kulia, karibu kuigusa, akakaa hapo. Kiti chake kikabaki wazi.

"Kaa wewe, Mama," alisema.

Miaka yote hiyo mkewe alikuwa amesikiliza santuri zile akiwa jikoni, au amepita na ufagio, au kwenye kochi la pembeni. Akakaa katikati kwa tahadhari, kama mtu aliyekalishwa ofisi isiyo yake. Sindano ikashuka. Alisikiliza mikono ameikunja, na ubeti wa kwanza ulipokwisha akageuza uso kushoto, kisha kulia.

"Kumbe wako wawili," alisema. "Mimi nilidhani ni mtu mmoja ana vidole vingi."

Kigoda kikawa ndio mpango wa nyumba. Jumamosi nyingine Binti Fundi alipita kubadilisha mkanda wa gramafoni uliokuwa umelegea, na akakaa kusikiliza pande mbili za santuri kabla ya kuaga. Shemeji aliruhusiwa kufika namba tano.

Miezi miwili baadaye kifaa cha sikio kikapatikana. Bwana Mizani alikijaribu kwanza kwa santuri, akakuta tarumbeta zinasikika kama vitunguu kwenye mafuta ya moto. Alitaka kukirudisha. Mkewe akamwambia hakikutengenezewa tarumbeta, kimetengenezewa watu. Akafikiri, akakubali. Sasa muziki ukianza anakitoa na kukiweka kwenye kikasha chake mezani. Santuri ikiisha anakivaa tena. Mkewe akimuuliza kuhusu chumvi, anajibu imezidi, na kwa kawaida ni kweli.