Mbio za Kamera Sebuleni

Mume wangu ni mtu wa Android, kaka yangu wa iPhone, na mimi nimechoshwa na wote wawili. Simu zao zina umri mmoja, basi Jumapili wakataka kujua ipi bado inawahi kufungua kamera.

“Shemeji, leo utajua hujui,” kaka akasema.

Nikahesabu hadi tatu. Kamera zikafunguka sawia, wakaanza kurekodiana huku wakizomeana. Mara mwanangu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa anatambaa tu, akaliachia kochi alilokuwa amesimama akilishika, akatembea katikati yao mpaka kwangu. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Tunazo video mbili za wanaume wakizomeana, na chini kabisa kipara cha mtoto kinapita. Sasa wanabishana ni simu ya nani iliyokitoa vizuri hicho kipara.