Njia Tatu za Kwenda Mjini

Katika ukumbi wa wanaowasili pale uwanja wa ndege palikuwa na meza moja tu yenye kibao cha MAELEZO, na nyuma ya meza hiyo, kwa miaka kumi na moja, alikaa mwanamke ambaye wapagazi walimbatiza jina la Ramani. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu namna ya kufika mjini, na njia zilikuwa tatu: treni, iliyoondoka kila nusu saa kutoka ghorofa ya chini, basi, lililosimama kila penye kituo na hata pasipo na kituo, na teksi, zilizojipanga mlangoni huku madereva wakibishana habari za mpira.

Usidhani ni kazi nyepesi. Mtu akishuka kwenye ndege masikio yamemziba na akili bado iko angani. Ukimwachia achague mwenyewe atasimama hapo mpaka jioni. Ramani alikuwa na maswali yake matatu. Unaelekea wapi? Una mizigo mingapi? Una haraka kiasi gani? Akishajibiwa, alichukua karatasi yenye picha ya mji, akaizungushia njia moja kwa kalamu nyekundu, akaisukuma mezani. Mama mwenye masanduku matatu na mtoto mgongoni, teksi. Mwanafunzi mwenye begi moja, basi. Bwana wa tai anayetazama saa kila dakika, treni. Alijigamba kwamba anaweza kumsoma mtu kwa mizigo yake kabla hajafungua kinywa, na kusema haki, alikosea mara chache.

Tena alijiwekea sheria: mezani pale hakuna ndugu wala rafiki. Hata mkwe wa meneja alipanga foleni kama wengine. Watu walimsifu kwa hilo, naye sifa zikamlevya kidogo, kama zinavyotulevya sote.

Asubuhi moja, saa nne na dakika chache, ndege ya kutoka mikoani ilitua na foleni ikawa ya watu watano. Wa nne alikuwa dada yake.

Alimtambua kabla hajamwona uso. Alimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja mbele, mkoba umebanwa kwapani, kama mtu anayesubiri kuitwa na mwalimu mkuu. Miaka kumi na moja hawakuwa wameonana wala kusemezana.

Dada huyo alimzidi miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemlea hasa, kwa kuwa mama yao alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi magharibi. Dada ndiye aliyemsuka, akamfundisha kusoma saa, akamchapa alipostahili kuchapwa na mara mbili tatu asipostahili. Kisha mama akaugua. Ramani wakati huo alikuwa mbali, chuoni, akisomea kazi hii hii, na mitihani ya mwisho ilikuwa imebaki wiki mbili. Kila alipopiga simu nyumbani dada alimjibu, "Mama hajambo, amelala kidogo. Wewe soma." Alisoma. Alifaulu. Alipofika nyumbani na cheti chake mkononi alikuta viti vya matanga vimepangwa uani, na mama ameshazikwa siku tatu zilizopita.

Dada alidhani anamkinga mdogo wake. Huenda hata mama mwenyewe alitaka hivyo, Ramani hakuuliza. Alisimama katikati ya waombolezaji, akamwambia dada yake maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia aliyemnawisha uso utotoni, akaondoka siku ileile. Alibadilisha laini ya simu. Namba ya dada akaifuta. Mjomba wao, aliyekuwa akimpigia mara moja moja, alishakatazwa kabisa kulitaja jina la dada, na namba mpya ya Ramani hakuruhusiwa kumpa mtu; kazini kwake tu ndiko hakukatazwa kukutaja.

Kwa hiyo dada hakuwa na njia nyingine ya kumpata mdogo wake ila kupanga foleni.

Zamu yake ikafika. Akasogea, akaweka mikono miwili juu ya meza. Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Akatulia kidogo, midomo imefunguka nusu, na Ramani alijua vizuri anachosubiri. Alikuwa anasubiri shikamoo. Marahaba yake ilikuwa tayari mdomoni, imekaa pale tangu foleni.

"Karibu," Ramani akasema. "Nikusaidie nini?"

Dada akafunga mdomo.

"Nilikuwa..." Akatazama kibao, akatazama kalamu nyekundu. "Nilikuwa nauliza usafiri. Wa kwenda mjini."

"Mjini sehemu gani?"

"Katikati tu. Popote."

"Una mizigo mingapi?"

"Huu mkoba."

"Una haraka kiasi gani?"

"Sina haraka, mdogo wangu," dada akasema taratibu. "Nina muda mpaka saa tisa."

Hapo ndipo ungetegemea hodari wetu wa kusoma watu asome. Mwanamke ametoka mikoani kwa ndege, hana hata begi, anakwenda popote, na ana muda mpaka saa tisa. Mpagazi yeyote angeng'amua kwamba huyu anabadilisha ndege, sanduku lake limepitishwa moja kwa moja, na mjini hana shughuli hata ya kununua pipi. Lakini Ramani hakuwa anasoma. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho kwenye kalamu. Akachukua karatasi, akazungushia treni.

"Ghorofa ya chini, mkono wa kulia. Inaondoka saa nne na nusu. Dakika arobaini na tano uko mjini. Safari njema."

"Ahsante," dada akasema. Akaikunja karatasi mara mbili, kwa uangalifu, akaitia kwenye mkoba. "Unaendeleaje lakini?"

"Kuna watu nyuma yako."

Dada akageuka na kweli alikuwepo mtu, bwana mmoja mwenye boksi la televisheni. Akamwomba radhi, akaondoka kuelekea upande wa ngazi za treni.

Bwana wa televisheni aliambiwa apande basi, kosa ambalo nadhani alilijutia njia nzima. Akaja mwingine, akauliza choo. Kisha meza ikawa tupu, na Ramani akabaki na kalamu yake. Kwanza alijikaza. Akajiambia: amekuja mwenyewe, mimi sikumwita. Akajiambia: kwa nini hakusema hata neno moja la mama? Halafu akaona tena vidole vile vikikunja karatasi mara mbili, vidole vilivyomfunga vifungo vya sare ya shule. Alikuwa amemfukuza dada yake kwa adabu zote za kazi. Afadhali angemtukana, tusi angalau husemwa kwa mtu unayemjua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika thelathini na tatu. Treni ilikuwa imeshaondoka.

Akasimama. Mwenzake wa zamu, bwana mnene aliyeitwa Kesho kwa sababu ya majibu yake kwa kila ombi, alikuwa nyuma ya ukumbi anamalizia chai.

"Nishikie meza," Ramani akamwambia.

"Sasa hivi?"

"Nina dharura mjini."

Kesho akatoa macho. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwona Ramani akiacha meza hata kwa mafua. Akabeba kikombe chake, akaja.

Nje, Ramani alisimama ukingoni mwa barabara, na kwa mara ya kwanza akawa yeye ndiye abiria. Treni inayofuata ni mpaka saa tano; atakuwa amechelewa nusu saa nzima. Basi usilitaje. Teksi, kama barabara haina msongamano, ingeweza kuitangulia treni kituo kikuu. Akapanda ya kwanza.

"Ramani mwenyewe leo!" dereva akacheka. "Nikupeleke kwa njia ipi, mwalimu?"

"Ya haraka. Usiongee."

Njiani alipanga maneno. Ataanza na shikamoo, hilo halina mjadala. Kisha atasema nini? Atasema alikosea. Hapana, atasema kwanza waende wakae mahali, hata kibandani, wanywe soda. Atauliza habari za kijana wake, yule mpwa aliyekuwa darasa la tano na sasa bila shaka ana ndevu. Habari za mama watazifikia zenyewe. Alishangaa kuona kwamba hasira yote aliyoilea miaka kumi na moja haikuwepo tena; aliitafuta moyoni kama mtu anayejipapasa mifukoni, asiione. Kumbe iliisha zamani, naye aliendelea tu kuilinda.

Alifika kituo kikuu dakika nne kabla ya treni. Akasimama penye geti la kutokea, mahali ambapo hata sisimizi asingepita bila kuonekana. Treni ikaingia, watu wakamwagika. Alitazama kila uso. Alitazama mpaka geti likawa tupu na mlinzi akamuuliza kama amepotelewa na mtu.

"Ndiyo," akasema.

Basi huenda alipanda basi. Bila shaka! Dada alikuwa mtu wa kubana matumizi tangu enzi hizo, asingelipa nauli ya treni na basi lipo. Ramani akakimbia hadi stendi, mitaa miwili kutoka pale, akasimama juani akisubiri basi la uwanja wa ndege. La kwanza likaja, hayumo. La pili, akamwona bwana wa televisheni, jasho linamtiririka; Ramani akajificha nyuma ya nguzo. La tatu, hayumo. Akazunguka nyumba za wageni nne zilizo karibu na stendi, akieleza: mama mmoja, mwembamba, mvi za pembeni, hana mzigo. Mapokezini walitikisa vichwa. Mmoja alimuuliza jina la mgeni, naye alipolitamka akatambua kwamba ulimi wake ulikuwa umelisahau.

Ilipopita saa nane alikata tamaa. Akarudi kwa treni, amechoka hoi, nayo ikasimama katikati ya safari dakika ishirini kwa sababu ambazo mtangazaji alizieleza bila yeyote kuelewa. Aliingia ukumbini saa tisa na robo.

Kesho alikuwa anafunga droo.

"Kuna mteja wako alikuulizia," akasema. "Yule uliyempa treni asubuhi. Dakika tano tu baada ya wewe kutoka. Alitaka kujua umekwenda wapi."

Ramani akashika ukingo wa meza. "Ukamwambiaje?"

"Si ulisema mwenyewe? Nikamwambia ameenda mjini, ana dharura. Akauliza utarudi saa ngapi. Nikamwambia hata sijui, labda kesho."

Aliyebaki kueleza alikuwa mama wa usafi, ambaye ukumbi mzima ulimwita Shangazi na ambaye hakuna kilichompita. Alikuja na fagio lake, akalisimamisha.

"Hajapanda treni wala nini," akasema. "Alikaa pale, kwenye viti vya karibu na ngazi, nyuma ya nguzo. Nikamuuliza mama unasubiri nani? Akasema nasubiri foleni iishe, nina neno na yule dada wa mezani. Nikaingia chooni kusafisha, kutoka namkuta mezani kwa huyu Kesho. Akarudi akakaa palepale. Karibu masaa manne! Nikamletea maji. Ameniambia anakwenda kuishi kwa mtoto wake huko ng'ambo, anakwenda moja kwa moja. Sanduku lake lilishapita tangu asubuhi. Alikuja huku nje makusudi tu."

"Ameondoka lini?"

"Amepanda juu saa nane kasoro. Ndege yenyewe ndiyo ile ya saa tisa." Shangazi akasita. "Aliniuliza kitu kimoja, nikashindwa kumjibu. Aliniuliza kama umeondoka kwa sababu yake."

Ramani alitoa simu, akampigia mjomba, na kabla mzee hajamaliza salamu akamwomba namba ya dada. Kisha mjomba akaisoma tarakimu moja moja, sauti ikimtetemeka kwa furaha, maskini, akidhani mambo yamekwisha vizuri. Ramani akapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akijua kabisa kwamba mwenye simu yuko juu ya mawingu, na kwamba atakapoiwasha atakuwa mahali ambapo hakuna treni wala basi wala teksi ya kumfikisha mtu. Atapiga tena usiku, na kesho, na huenda wataongea. Lakini yale masaa manne ya kukaa bega kwa bega hayangerudi, naye alijua ni nani aliyeyatupa.

Akaenda kukaa kwenye viti vya karibu na ngazi. Shangazi akamfuata, akabaki amesimama akilizungusha fagio mikononi.

"Kuna neno lingine aliacha," akasema. "Sijui hata kama lina maana. Alisema, akirudi, mwambie nimemwona amenenepa, nimefurahi."

Ramani akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti mbele ya wageni waliokuwa wakitoka na masanduku yao.