Kidonda Chenye Adabu

Siku ya tisa baada ya kutolewa uvimbe begani, fundi cherehani aliketi mbele ya mashine yake akajaribu kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mshono ukaenda upande. Akaufumua, akaanza upya, ukaenda upande tena. Sare ishirini na mbili za wahudumu wa hoteli zilikuwa mezani zikisubiri kola, na hoteli ilikwisha kuuliza mara mbili kama itafute fundi mwingine.

Uvimbe wenyewe haukuzidi punje ya hindi. Daktari aliutoa kwa dakika kumi, akashona nyuzi tatu, akamwambia maumivu ni ya siku mbili, basi. Siku ya tatu bega liliwaka moto mpaka kwenye kiwiko. Siku ya nne kidonda kikaanza kusema.

Kilikuwa na sauti nyembamba ya mtu aliyeamka vibaya. Kilimtukana akivaa, kikamtukana akiinua sufuria. Mumewe alizoea upesi. Alikuwa akiongeza sauti ya redio. Wifi yake, aliyekuja kumsaidia kufua, ndiye aliyekiuliza kinataka nini hasa.

"Kuna kipande cha uzi huku ndani," kidonda kikamjibu. "Mnangoja nioze?"

Fundi alikuwa amekwenda kliniki peke yake siku ya sita, akarudi na vidonge vya maumivu tu. Kwa daktari kidonda kilisema hakijambo, tena kwa sauti ya mtoto aliyefundwa akafundika, na daktari akaandika kwamba kinaendelea vizuri. Safari hii wifi akasema watakwenda wote wawili, na kama ni kusema, atasema yeye.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri. Fundi alimweleza kwamba mkono haupandi, kwamba halalii upande ule, kwamba jioni anapata homa. Daktari alimsikiliza kama anayesubiri tangazo la redio liishe. Kisha akavaa miwani, akaliinamia bega.

"Una maumivu?"

"Hapana, daktari," kidonda kikasema. "Nawasha kidogo tu. Si ndiyo kupona huko?"

Wifi akaingilia. Akaeleza matusi yote ya nyumbani, hata yale ambayo mtu mzima hayasemi mbele za watu, akaeleza na habari ya uzi. Kidonda kikasema, kama kilichoonewa, kwamba wifi huyu hakukipenda tangu siku ya kwanza. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yote ilikwenda kwa kidonda.

"Daktari," fundi akasema, "bega ni langu."

"Najua, mama. Ndiyo maana naliuliza."

Akabonyeza pembeni mwa nyuzi kwa kidole. Fundi aliuma mdomo mpaka machozi yakamtoka, kidonda kikashukuru. Daktari akaandika mstari mmoja, akauliza warudi lini. Kidonda kikasema hakioni haja ya kumsumbua. Fundi akapewa vidonge vilevile, na wifi, aliyekuja na maneno ya kutosha wiki nzima, akabaki ameshika mkoba wa fundi.

Kuvaa blauzi kulichukua muda. Fundi alikuwa bado anapapasa vifungo kwa mkono wa kushoto, na bega limevimba hata kitambaa kimekaza, mgonjwa wa pili alipoitwa ndani. Alikuwa mzee anayechechemea, viatu kavishika mkononi. Akasalimia, akakaa, akaanza kusema kwamba tangu Jumapili hawezi kuukanyagia mguu huu, na kwamba vidole viwili vimekuwa vyeusi.

Daktari akamwinulia kiganja, taratibu, bila ukali. Akachuchumaa, akauuliza mguu habari za tangu Jumapili.

Mzee akamtazama fundi. Fundi akafunga kifungo cha mwisho.

"Nzuri tu," mguu ukaitikia.