Tukipata Nafasi Tunywe Chai

Saa mbili kasorobo asubuhi, Tso Pui-Wan alipanda ngazi za mkahawa wa chai aliokulia, mtaa wa Sham Shui Po, akiwa na begi mgongoni na muda wa saa sita kabla ya ndege yake. Alikuwa anatoka Toronto kwenda Sydney kikazi, na Hong Kong ilikuwa njiani tu. Wiki nzima kabla ya safari hakuiwaza kazi. Aliziwaza ha gau: kamba watamu ndani ya unga mwembamba unaong'aa, nne kwa kikapu, kwa dola ishirini na mbili ukiwahi kabla ya saa tano.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazee na magazeti yao, kila mmoja kajibana kwenye meza moja na watu asiowajua. Fung, mhudumu aliyekuwepo tangu Pui-Wan akivaa sare ya shule, alimwona kutoka upande wa pili akiwa na birika la maji ya moto.

"Binti Tso! Umenenepa wewe! Huko Kanada wanakulisha magogo?"

"Na wewe, mjomba, bado hujastaafu?"

"Nikistaafu nani atawavumilia hawa? Njoo, meza ya kumi na nne. Kikapu chako kipo."

"Sijaagiza kitu."

"Aliagiza mama yako."

Mama yake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kikapu kilikuwa mezani, cha mianzi, kimefunikwa, na mvuke ulikuwa unapanda pembeni mwa kifuniko. Fung alisema kilikuwa hapo kwa miaka tisa na hakijapoa. Mabwana afya walishakuja, wakapima joto, wakaandika, wakaenda zao. Fundi viatu mmoja mlafi alijaribu kukifungua, kifuniko kikakataa, akaagiza miguu ya kuku.

"Ulimpigia simu mwaka mpya ule," Fung alisema. "Ukamwambia, tukipata nafasi tunywe chai."

Pui-Wan alikumbuka. Alikuwa kituoni, theluji inaanguka, basi likatokea, akayasema hayo na kukata simu. Hong Kong hivyo ndivyo watu wanavyoagana. Mwenye nyumba humwambia hivyo mpangaji anayemfukuza, na wapenzi walioachana huambiana hivyo wakikutana kwenye lifti. Hakuna anayetazama kalenda.

"Lakini mjomba, ile ni kwaheri tu. Kila mtu anajua."

"Mimi najua. Na mama yako alijua, si kazaliwa hapa hapa? Ila alisema, 'Huenda mwanangu kakaa ugenini mpaka kasahau. Huenda huko kwao ukisema unakuja, unakuja.' Akaagiza hiki, akakiweka upande wako. Kila asubuhi anakaa nacho mpaka saa nne, halafu anakwenda sokoni. Miaka mitatu."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungesema una kazi."

Fung alikwenda kuwajazia maji watu wa meza ya tisa. Pui-Wan alikaa. Alisuuza vikombe viwili na mabakuli mawili kwa chai ya kwanza, kama alivyofundishwa, kisha akamimina cha mama kwanza. Ng'ambo ya meza, mbele ya kiti kitupu, kidole kimoja kisichoonekana kiligonga ubao mara moja. Hivyo ndivyo mkubwa anavyomshukuru mdogo aliyemmiminia. Mzee aliyeketi pembeni alikunja gazeti lake kidogo ili lisikiguse kile kikombe.

Alifunua kikapu. Zilikuwa nne, na unga wake haukuwa umekauka hata ukingoni. Alikula ya kwanza ikamuunguza ulimi. Ilikuwa tamu kama alivyoikumbuka, tamu kuliko zote alizolipia bei mbaya Toronto, na alitamani mama yake awepo. Alitaka amwone akipuliza chai. Alitaka asemwe kwa nywele zake. Alikula ya pili na ya tatu huku machozi yakimdondokea kwenye bakuli, na hakuna aliyemtazama, maana kwenye meza ya kuchangia mtu hatazami bakuli la mwenzake.

Ya nne aliiweka kwenye bakuli la mama. Ilikaa hapo. Baada ya dakika chache ilipoa kama ha gau yoyote, na kikapu kikaacha kutoa mvuke. Pui-Wan alikishika, kilikuwa baridi. Aliendelea kukaa mpaka saa nne, muda wa mama yake wa kwenda sokoni, kisha akavaa begi.

"Ndiyo safari?" Fung alimuuliza, akikusanya vyombo.

"Ndege hainisubiri, mjomba."

Alisimama nyuma ya kiti kitupu, akauweka mkono kwenye egemeo lake. Kulikuwa na maneno aliyotaka kuyasema, lakini mdomo ulishazoea njia yake.

"Haya, mama. Tukipata nafasi tunywe chai."

Kidole kiligonga meza mara moja.

Pui-Wan alishuka ngazi upesi, akitafuta pasipoti mfukoni. Fung alikuwa amefika mlango wa jikoni na kile kikapu kitupu alipokihisi kikimchoma kiganja, kimekuwa kizito tena. Alirudi nacho meza ya kumi na nne, akakiweka upande wa binti, akapangusa ubao kukizunguka.