Kumfundisha Georgette Mwanangu

Mume wangu alikuwa salon, sebuleni kwetu, anafundisha viti. Kweli kabisa! Kila asubuhi Philémon alichukua chaki, akaandika hesabu zake kwenye mlango wa kabati, akavigeukia viti vitupu na kuuliza nani amefahamu. Lycée moja, sekondari ya Libreville, nchi ya mbali, ilikuwa imempa kazi, aende na familia yake, naye aliogopa wanafunzi wa kule watamcheka anavyosema. Mie nilikuwa jikoni na mwanafunzi wangu. Nilikuwa namfundisha Georgette, mwanamke tutakayemwachia nyumba, mwanangu Gentil alivyo.

Gentil ni mtoto wetu mkubwa. Vita ya pili ya huku kwetu ilipoanza, alipanda lori kwenda Kavumu kutafuta maharagi, na kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari wakamshusha pamoja na vijana wengine. Dereva alirudi na gunia letu. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyekuja kuniambia amekufa, basi kwangu mimi alikuwa njiani, na nyumba haifungwi wakati mtu yuko njiani. Lakini Philémon alisema tukikaa mwaka mwingine askari watamchukua hata mdogo wake, Murhula, ambaye anaanza kuota ndevu. Hapo alinishinda. Nikakubali kuondoka kwa sharti moja: tutakayemwachia nyumba amjue Gentil kama ninavyomjua mimi.

Georgette alikuwa amekimbia kutoka Luberizi bila mume, bila mtoto, na hatukumwuliza waliishia wapi. Ni mwanamke wa maneno machache. Nikamwambia yote. Gentil anabisha kwa kiganja, hapigi ngumi, na mwingine yeyote akibisha usiku usifungue. Ana kovu chini ya goti. Usimwulize walimfanya nini. Mpe kwanza maji ya moto aoge.

"Na akikuja na bunduki?" akauliza.

"Hata na bunduki ni mutoto wangu! Rudia. Anabisha namna gani?"

"Na kiganja."

"Na sambaza, samaki zake ndogo?"

"Anakula bila vichwa, Mama Gentil."

Vichwa alikuwa anampa Élodie, kitindamimba wetu. Élodie mwenyewe alikaa kwenye kizingiti akitusikiliza, na mimi nilifikiri anacheza tu.

Tulipoanza kufunga masanduku, nyumba ikawa na tabia za ajabu. Tuko wote mezani, mlango wa choo unajifunga. Philémon akasema ni upepo wa ziwa. Loo, upepo gani unafunga mlango taratibu hivyo, kama mtu asiyetaka kuamsha wenzake? Nilikaa roho juu. Nilizunguka vyumbani nikimwita Gentil kwa sauti ya chini, nikingoja ishara, hata ya kunitukana. Sikupata kitu.

Asubuhi ya kuondoka, wengine wakitoa mizigo, Georgette alinivuta kando ya jiko.

"Mama Gentil, alikuja."

"Nani?"

"Gentil. Ku ndoto. Alisimama hapa mu jikoni. Iko na jino moja ya mbele yenye kuvunjika kidogo."

Lile jino sikumwambia. Naapa mbele ya Bikira Maria, sikumwambia, maana nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe. Damu ikanichemka. Wee! Mimi niliyembeba tumboni, mimi niliyengoja, hanijii, halafu anamjia mtu ambaye hajamwona hata siku moja! Nikamwambia aache uchawi wake nyumbani kwangu, na kofi lilibaki kidogo limfikie. Hakurudi nyuma hata hatua.

"Hata batoto bangu, tangu banakufa, mie sibaoni," akasema. "Banaonekanaka kwa batu bengine."

Alimweka Gentil pamoja na wale wake waliokufa, hivyo tu, bila ubaya. Sikutaka kufahamu lakini nilifahamu, nikakaa juu ya gunia la makaa.

"Aliniuliza: maman iko wapi?" Georgette akaendelea. "Nikakosa cha kujibu. Ile haukunifundisha. Akirudilia kuuliza, nimwambie nini?"

Watu husema uchungu wa mwana aujua mzazi. Basi mzazi mwenyewe nikaanza kutafuta neno. Nilitafuta la Libreville, la kazi, la mshahara, la shule nzuri, yote yakanitia aibu. Nje Philémon aliita kwamba taksi imefika.

"Umwambie kulikuwa badogo wake babili," nikasema. "Umwambie maman alichagua babili."

Georgette akarudia polepole, kama alivyorudia mambo ya sambaza, asikosee: "Maman alichagua babili."

Nilipogeuka, Élodie alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina la uso alioujua zamani.

"Maman," akasema, "na siku utaniacha mie, utamufundisha nani?"

Nilipiga magoti nikamvalisha kile kiatu, nikasema maneno mengi, sikumbuki hata moja. Tulipovuka Ruzizi, mto wa mpakani, nilimpa mkono wangu, akashika wa Murhula.