Nguo ya Mtu Aliye Hai

Haya alinihadithia Fakhriya mwenyewe, Idi ya Mfungo Tatu iliyopita, alipokuja kwangu Ibra tukakaa jikoni kuchambua mchele. Alikuwa akisema kidogo, akichambua kidogo, nami sikumharakisha. Yalimkuta kwake Sur, mwisho wa khareef, msimu wa kusi, siku zile ambazo mjini watu wanachemka kwa joto na kule Ashkhara bahari ni baridi mpaka meno yanagongana.

"Basi limebaki jambo moja tu," alisema Muatasim, na kikombe cha kahawa kikasita njiani baina ya sinia na mdomo wake.

Walikuwa watatu sebuleni kwa Fakhriya, wameketi chini, tende na halua katikati. Muatasim, mwalimu wa skuli, ndiye aliyekuwa akipanga safari zao za kwenda kuzamia na kupiga samaki kwa bunduki za mshale. Pembeni yake Aflah, mtu wa mzaha na tumbo lake. Wa tatu ni Firas, mwana mdogo wa Fakhriya. Wa nne wao, Saud, alikuwa kazini. Kila kitu kilikwisha pangwa: gari ni la Muatasim, barafu watanunua Jalan Bani Bu Ali, boti wataazimwa na mwenyeji wao Ashkhara, na Aflah achukue jiko la gesi na mchele.

"Mchele achukue, lakini asiupike yeye," alisema Firas. "Wali wake wa safari ile wallahi tungeufunga viunoni tukazama nao, tusingehitaji mikanda ya risasi ya kutuzamisha."

"Na sahani mbili nani alikula, we mlafi? Jini?"

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa analijua lile jambo moja.

Ilikuwa nguo. Ndani ya maji ya baridi huzamii na fulana. Inatakiwa nguo ya mpira, nene, iliyoshika mwili kama ngozi ya pili. Firas alikuwa nayo nyembamba tu, ya maji ya moto, na ya kuagiza isingewahi. Nguo nene ilikuwemo nyumba hiyohiyo, kabatini, nayo ilikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa amekaa pale dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu, taulo shingoni, akitazama pazia.

Huyo ndiye Majid, mkubwa wake Firas.

Desturi yao hawa wazamiaji ni kwenda wawiliwawili. Mmoja akishuka, mwenziwe hubaki juu, uso majini, macho hayambanduki. Majid na Muatasim walikuwa mtu na mwenziwe tangu ujana wao. Mwaka juzi Majid alimfuata chewa mpaka mlangoni mwa pango, akakawia, na alipokuwa anapanda pumzi ikamwishia njiani. Muatasim akamshukia, akamtoa. Roho ilirudi, Majid hakurudi. Tokea siku hiyo hasemi, hali mpaka alishwe, halali mpaka alazwe. Firas akaacha kazi yake Maskati akaja nyumbani, maana mwili wa kaka yake ulikuwa mzito na mama yake hauwezi. Ziko siku Fakhriya akimwombea dua Muatasim kwa kumtoa mwanawe. Na ziko siku, Mungu amsamehe, hawezi hata kuitazama mikono iliyomtoa.

"Mimi sitaki nguo wa Majid," alisema Firas, ameinamisha kichwa. "Nitavaa nguo wangu mwenyewe."

"Nguo yangu," Fakhriya akamsahihisha kutoka mlangoni. "Bahari mnaijua, Kiswahili hamkijui."

"Nguo yangu, mama."

"Kwa ile nyembamba simchukui, Bi Fakhriya," alisema Muatasim. "Baridi itamla pumzi. Lakini kama haji, basi. Aflah na Saud wanaangaliana wenyewe, na mimi juu yangu hakuna mtu. Sitasema zaidi ya hapo. Neno ni lako."

Fakhriya alimtazama Firas. Kijana yule tangu aliporudi hakuomba kitu, si nguo, si harusi, si hata Ijumaa moja ya kutoka na wenziwe. Alikuwa ananyanyua na kulaza, ananyanyua na kulaza, na mgongo wake ulishaanza kupinda kama wa mzee.

"Nitaipunguza ile ya Majid," alisema Fakhriya.

Fakhriya ni mshonaji. Nusu ya kanzu za mtaa ule zimepita kwenye cherehani yake. Nguo ya Majid alikuwa akiitoa kabatini kila mwezi, akiipaka poda ndani na nje ili mpira usipasuke, akiikunja tena na kuirudisha. Hakuwahi kumwambia mtu kwa nini. Sisi nguo za maiti ndizo tunazozigawa. Ya mtu aliye hai inamngoja mwenyewe.

Majid alikuwa na kifua kipana, Firas ni mwembamba kama ufito. Alimpima, akatia chaki, akashika mkasi. Akauweka. Badala ya kukata akakunja: mbavuni, mgongoni, mapajani, mikunjo yote akaipeleka ndani, akaibana kwa gundi na uzi wa nta, vile unavyomkunjia mtoto kanzu ya Idi ili mwakani akikua uifumue. Kwa nje hukioni kitu.

Alhamisi asubuhi walikuja kuijaribu. Muatasim hakubali kumpeleka mtu baharini na mshono asioujua. Firas alivaa uani, na Aflah akaja na jagi la maji ya barafu.

"Bismillahi, bwana harusi," alisema Aflah, akammiminia shingoni.

Firas aliruka akapiga ukelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Aflah alikuwa anacheka, na angeendelea, lakini maji yakaanza kutoka miguuni. Yaliingia shingoni, yakateremka mgongoni kama kwenye mfereji, yakatoka kwenye visigino, bado ya baridi.

Muatasim alipitisha kidole ubavuni mwa Firas, polepole, mpaka kikakutana na mkunjo ulioyafungulia maji njia.

"Bi Fakhriya. Umeacha akiba."

"Nimeacha."

"Ya nini?"

Macho ya Fakhriya ndiyo yalikwenda, yakaingia ndani kupita mlangoni, mpaka kwenye kile kiti cha dirishani. Wote wakayafuata. Aflah akaliweka jagi chini, taratibu, kama kuna mtoto amelala.

"Khalas, mama," alisema Firas. "Iache kama ilivyo. Siendi."

Akaanza kuivua. Mpira ukamng'ang'ania mabegani, mikono ikakwama juu, kichwa kikapotelea ndani, na Fakhriya ikabidi amvute kama alivyokuwa akimvua fulana utotoni. Kichwa kilipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Maji ya barafu haya," alisema Firas.

"Najua, baba."

Aliichukua ile nguo hivyohivyo na maji yake, akaingia nayo ndani, akampakatisha Majid.

"Majid, mwanangu. Hii nguo yako. Ndugu yako anaitaka, nami nataka kuikata. Nikiikata hairudi tena. Nimekuja kwako unipe ruhusa."

Majid hakugeuka. Lakini mikono yake iliushika ule mpira. Harufu ya chumvi ilikuwamo bado, poda haikuweza kuiondoa. Matundu ya pua yake yakafunguka, kifua kikapanda, kikapanda, kikajaa. Na hapo akaizuia pumzi.

Wale watatu mlangoni wakajua anafanya nini. Muatasim midomo ikawa inacheza, anahesabu bila sauti. Mashavu ya Majid hayakuvimba, uso haukukunjamana. Alitulia kama mtu aliyefika mahali pake. Kimya kikaenda, kikaenda. Firas akapiga hatua mbele.

"Toa, baba," alisema Fakhriya, na sauti yake haikuwa yake. "Imetosha. Toa pumzi."

Ikatoka, ndefu, na mwisho wake sauti ndogo kama ya mlango wa mbali. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika nguo. Fakhriya akavifungua kimoja kimoja.

Alichukulia kuwa hiyo ndiyo ruhusa. Mpaka leo, anasema, hajui kama alikosea.

Akakaa chini, akafumua, akakata. Vipande vyeusi vikaanguka mkekani, mbavu za Majid, mgongo wake, mapaja yake. Hakusimama ila kwa sala ya adhuhuri. Alipomaliza walijaza tena jagi, na safari hii Firas alisimama wima kama nguzo. Maji yalimwagika kwa nje, ndani hayakuingia.

"Shega," alisema Muatasim, akaubusu mkono wake. Fakhriya aliutazama huo mkono uliomshika, hakuuondoa wake.

Waliondoka baada ya alasiri, Saud keshafika, gari limejaa mpaka vioo havionekani. Firas alimbusu mama yake kichwani.

"Radhi zangu unazo," Fakhriya alimwambia. "Umwangalie mwenzio. Usimtoe machoni hata kidogo, hata kama samaki mwenyewe anapita anakusalimia."

"Nani atamlaza Majid?"

"Mimi mamaye. Nenda."

Lakini hakuweza kumfikisha kitandani. Alijaribu mara moja, kiuno kikamkataa. Basi akalivuta godoro mpaka pale dirishani, akamteremsha kidogokidogo, mguu kisha mguu, na wote wawili wakaishia chini wakihema. Kichwa cha Majid kilikuwa kimelala juu ya mkono wake. Macho yalikuwa wazi, yameelekea mlangoni, na Fakhriya akamsomea alizojaaliwa kusoma, akachanganya aya, akarudia.

Adhana ya magharibi ikapita juu ya nyumba. Akajiambia atainuka sasa hivi kusali, amtazame kwanza mpaka macho yafumbe. Yakafumba. Mkono wake chini ya kichwa cha mwanawe ulikuwa umekufa ganzi, haujui tena kama ni wake. Akauacha hapohapo, na kabla ya giza kuingia vizuri, usingizi ukamchukua na yeye.